Gunia Hupimwa kwa Bambo. Na Dawa Je?

Mbukwenyi, wasomaji wapenzi!

Ndivyo tusalimianavyo sisi Wagogo, nami nawasalimu hivyo ninyi nyote mnaokaa jioni kulisikiliza gazeti, mtoto mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakichambua mboga. Leo naomba nafasi nizungumze nanyi juu ya upimaji wa dawa katika maabara, hasa zile dawa ambazo wataalamu huziita peptidi. Najua jina hilo ni geni, na huenda baba mmoja amekwisha kusema, "Hayo ni ya madaktari, tusome habari nyingine." La, Baba, usigeuze ukurasa. Jambo hili limenifikia mimi, bibi wa Ihumwa, mara mbili. Mara ya kwanza lilikuja pamoja na kifo cha mama wa watu. Mara ya pili lilikuja ndani ya mfuko wa suruali ya mjukuu wangu.

Lakini nianze na gunia, maana gunia twalijua sote.

Baada ya mavuno huja mnunuzi wa uwele na mtama, na mkononi ana bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati. Mwenye mali humwambia, "Bwana, uwele wangu ni safi, tazama mwenyewe." Naye hufungua mdomo wa gunia, na kweli juu ni safi, unang'aa. Mnunuzi hagombani naye. Huchoma bambo ubavuni, juu, katikati na chini, nafaka ikateremka kiganjani mwake, akaitazama, akaipuliza, akaitafuna. Kwa nini? Kwa sababu amekwisha kukutana na magunia yaliyo safi mdomoni na yenye mchanga tumboni. Wala hakubali kuonyeshwa gunia la jirani. Achoma lile lile atakalolilipia. Mimi nimekua nikiyaona hayo, lakini ilinichukua miaka mingi kufahamu kwamba dawa nayo yataka bambo lake.

Nilifanya kazi ya uuguzi na ukunga mpaka nilipostaafu. Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba, mwaka 2009, nalikuwa zamu katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Ninyi wa Dodoma mwajua Novemba ilivyo: mvua bado, ardhi imepasuka, na bati lililopigwa na jua mchana kutwa lapumua joto mpaka usiku wa manane. Aliletwa mama mmoja, mimba yake ya nne, na mama mkwe wake akimshika mkono. Alijifungua vizuri, mtoto wa kike, akalia mara moja. Nikamchoma yule mama pajani sindano ya oksitosini, yuniti 10, kama tulivyofundishwa, ili mji wa mimba ukaze na damu isitoke kwa wingi. Kondo la nyuma likatoka zima. Nikamshukuru Mungu, nikaanza kuandika kitabu.

Kisha mama mkwe akasema kwa sauti ndogo, "Mama nesi, njoo uone."

Damu ilikuwa imelowesha kanga na godoro. Niliweka mkono juu ya tumbo. Mji wa mimba uliokaza huwa mgumu kama mpira; huu ulikuwa laini kama unga uliokandwa. Nikausugua. Nikamweka mtoto kifuani anyonye, maana hilo nalo husaidia. Nikachoma sindano nyingine. Nikangoja. Haikuonekana tofauti yo yote. Tukaukanda kwa mikono miwili, mimi na mwenzangu, kwa zamu. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini kwingine, tukapata gari la mfanyabiashara mmoja mwenye huruma. Tuliondoka, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Alifariki njiani kabla ya kupambazuka, naye alikuwa bado akiuliza kama mtoto amefunikwa.

Niliporudi asubuhi nilifungua kabati. Zile ampuli za oksitosini zilikuwa humo, nyingine zikiwa zimebaki katika boksi lao. Zilikaa humo wiki nyingi, chini ya bati. Juu ya boksi paliandikwa wazi kwamba dawa hii ihifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Maandishi hayo nalikuwa nimeyasoma mara nyingi, kama mtu asomavyo bango la barabarani huku akipita. Friji ilikuwapo, lakini ilikuwa ya chanjo, na tulivyoelewa sisi ni kwamba kitu kingine kisiingie humo. Muda wa dawa ulikuwa haujaisha. Maji yake yalikuwa meupe, safi, kama maji ya mvua.

Basi nisikilizeni nilivyofanya. Nilizichukua zote zilizobaki, nikazipeleka kwenye shimo la taka, nikazivunja kwa jiwe. Nilidhani nafanya vema, ili mama mwingine asichomwe dawa ile. Kumbe nalikuwa nikivunja kitu pekee ambacho kingeweza kusema ukweli. Wako akina mama wanaotokwa damu hata kama dawa ni nzima. Hilo kila mkunga alijua. Basi je, ilikuwa dawa, au ilikuwa ugonjwa wenyewe? Laiti ningaliweka hata ampuli tatu, zikapelekwa maabara zikapimwa, ingalijulikana. Lakini sikuziweka. Na mama mkwe aliponiuliza, "Dawa ilikuwa nzima?" nilimjibu, "Ilikuwa nzima, Mama." Nilisema kitu nisichokijua.

Miaka kadhaa baadaye niliitwa katika semina ya wakunga. Palikuwapo mwalimu mmoja kijana aliyesoma kemia. Badala ya kuandika ubaoni, alitoa mfukoni uzi na shanga.

"Mama zangu," alisema, "peptidi ni kama mkufu mdogo. Shanga zake zaitwa asidi amino. Zile za kawaida mwilini ni aina 20, na kazi ya mkufu hutegemea shanga zipi zimetungwa, na kwa mpango gani." Akatunga shanga tisa, akaufunga ushanga wa kwanza kwa ule wa sita, mkufu ukawa pete yenye mkia wa shanga tatu. "Hii ndiyo oksitosini mnayochoma kila siku." Kisha akatoa shanga mbili tu, wa tatu na wa nane, akatia nyingine mahali pake. "Na hii sasa?" Tukasema, "Ni ile ile, umebadili rangi kidogo." Akacheka. "Hapana. Hii yaitwa vasopresini, nayo kazi yake ni kuzuia maji ya mwili yasipotee kwa mkojo, na kubana mishipa ya damu. Shanga mbili tu, na kazi ni nyingine."

Alitueleza kwamba mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aliona kuwa maji yatokayo katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hukaza mji wa mimba. Mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud alifaulu kuitengeneza oksitosini kwa mikono ya binadamu, asiitoe tena kwa mnyama, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mwaka 1963 Mmarekani mwingine, Bruce Merrifield, alionyesha njia nyepesi zaidi: kufunga ushanga wa kwanza katika chembe ndogo ngumu, kuongeza nyingine moja moja, na kusuuza kila baada ya hatua. Naye alipewa Nobel mwaka 1984. Njia hiyo yatumika hata leo kutengeneza peptidi nyingi.

"Lakini fanyeni hesabu pamoja nami," alisema mwalimu. "Tuseme fundi ni hodari sana, na kila anapounga ushanga, katika mikufu 100, 99 hupokea na mmoja hukataa. Mkufu wa shanga 30 una maungo 29. Mwisho wa kazi, mikufu iliyo kamili ni mingapi?" Tulidhani atasema 99. Kumbe ni kama 75 tu! Ile mingine imepungukiwa ushanga mahali fulani. Yote ni unga mweupe, yote yafanana machoni. Ndiyo maana peptidi lazima isafishwe baada ya kutengenezwa, na ikisha kusafishwa lazima ipimwe.

Nikamwuliza juu ya joto. Akasema, "Mama, joto huvunja mkufu, au huifanya mikufu ishikamane miwili miwili. Maji yabaki meupe vile vile. Jicho halioni, ulimi hauonji. Ni maabara tu ijuayo." Nilitoka nje, nikakaa peke yangu chini ya mti.

Sasa nije kwenye habari ya mjukuu wangu.

Siku hizi Ihumwa si ile ya utoto wangu. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, jirani zetu, magari hupita mchana na usiku, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme huleta watu Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Mjukuu wangu ni fundi umeme huko Dar es Salaam, naye hupenda mpira kuliko chakula. Aliumia goti, akachechemea miezi. Siku moja alikuja kunitembelea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Goti hujambo?"

Hakujibu. Alitia mkono mfukoni, akatoa kichupa kidogo chenye unga mweupe chini, kama chumvi kidogo iliyobaki. Alikinunua kwa mtu anayeuza kwa njia ya simu. Akaniambia ni peptidi ya shanga 15, iitwayo BPC-157, nayo ati huponya mishipa ya goti. Juu ya kichupa paliandikwa Kizungu, nikamwomba anisomee. Akasoma upesi upesi, "Kwa utafiti tu. Si kwa matumizi ya binadamu."

"Rudia," nikamwambia.

"Aa, Bibi, wanaandika hivyo kukwepa sheria tu. Dawa yenyewe ni safi, imepimwa. Tazama." Akanionyesha katika simu yake karatasi ya maabara yenye mchoro wa mlima mmoja mrefu, na chini yake: usafi asilimia 99. "Bibi, wewe umechoma watu sindano miaka yote. Nichome mimi."

Wasomaji, hebu mjiweke mahali pangu. Kijana mmelea wenyewe, anachechemea mbele yenu, amesafiri kuja kwenu, na anaomba kitu ambacho mikono yenu yajua kukifanya. Lakini nilimkumbuka yule mama, na lile neno nililolisema, "Ilikuwa nzima." Nikamwambia, "Mume wangu, kaa. Gunia hili tulichome bambo kwanza."

Nikamwuliza la kwanza: "Karatasi hii ni ya kichupa hiki?" Kila dawa hutengenezwa kwa mafungu, na kila fungu lina namba yake, iitwayo namba ya toleo. Karatasi ilikuwa na namba. Tulikigeuza kichupa juu na chini: hakikuwa na namba yo yote. Basi karatasi ile, hata kama ni ya kweli, ilisema habari ya gunia la jirani. Tena aliyepima hakutajwa. Karatasi iliyo katika simu yaweza kunakiliwa na kupelekwa kwa watu elfu.

La pili: "Ndani mna nini?" Maabara huwa na mzani wa ajabu, uwezao kupima uzito wa mkufu mmoja mmoja. Oksitosini, kwa mfano, huwa na uzito wa 1,007 kwa kipimo chao. Ukipata uzito mwingine, wajua kitu ni kingine. Hata hivyo mzani peke yake hautoshi, maana ukibadilishana nafasi za shanga mbili uzito haubadiliki. Na tena kuna shanga mbili, leusini na isoleusini, zenye uzito ule ule kabisa. Karatasi ya mjukuu wangu haikuwa na habari ya mzani hata kidogo. Ilisema kitu ni safi. Haikusema ni kitu gani.

La tatu: "Huu usafi wa asilimia 99 ni wa namna gani?" Nikamweleza kwa mfano. Misa ikiisha, watu hutoka kanisani wote pamoja na kushika njia moja. Lakini hawafiki pamoja: vijana hufika kwanza, akina mama wenye watoto baadaye, wazee mwisho. Ukisimama mwisho wa njia na kuhesabu, utajua kila kundi lina watu wangapi. Ndivyo ifanyavyo mashine ile ya maabara. Unga huyeyushwa, husukumwa katika bomba lililojaa chembe ndogo sana. Mikufu mizima hufika kwa wakati wake, iliyopungukiwa hufika kwa wakati mwingine. Kila kundi likifika, mashine huchora mlima, na ukubwa wa mlima waonyesha wingi wao. Ni kazi nzuri. Lakini mlango wa mashine una macho ya mwanga fulani tu, na kwa mwanga huo maji na chumvi havionekani. Unga wa peptidi huwa na maji na chumvi vilivyoshikamana nao. Basi asilimia 99 ni 99 ya vile vilivyoonekana, si 99 ya unga wote uliomo kichupani.

La nne latokana na hilo: "Humu mna kiasi gani?" Usafi na kiasi ni mambo mawili. Debe la uwele laweza kuwa safi lakini halijajaa. Kichupa kiliandikwa miligramu 5. Nani alipima? Huenda mna tatu, huenda mna saba. Katika dawa, kidogo hakiponyi, na kingi chaweza kudhuru.

La tano: "Je, hamna vijidudu?" Chakula chenye uchafu kidogo tumbo hupambana nacho, lakini sindano hupita milango yote ya mwili. Kwa hiyo dawa ya sindano hupimwa kama ina vijidudu vilivyo hai. Na si hivyo tu, hupimwa pia kama ina sumu ya vijidudu vilivyokufa. Sumu hiyo yaitwa endotoksini, na kuchemsha hakuiondoi. Ikiingia damuni huleta homa kali, na ikiwa nyingi huua. Wataalamu wameipima miaka mingi kwa dawa itokanayo na damu ya mnyama mmoja wa baharini mwenye gamba kama kofia, damu ambayo huganda mara ikutanapo na sumu hiyo. Ule mlima mrefu wa asilimia 99 hausemi lo lote juu ya jambo hili.

"Na la mwisho, mume wangu," nikasema. "Tuseme bambo limepita kila mahali, na kila kitu ni sawa. Bambo laweza kukuambia kwamba gunia limejaa nyonyo safi, zisizo na jiwe hata moja. Je, utazipika ule?"

Akasema, "Nyonyo ni sumu, Bibi."

"Basi usafi ni jambo moja, na kufaa kwa mtu ni jambo lingine. Kufaa hujulikana kwa kuwajaribu watu wengi waliokubali, kwa miaka, chini ya macho ya madaktari. Kitu hiki hakijafika huko." Ndiyo maana shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni limekitaja katika orodha yake tangu mwaka 2022, miongoni mwa vitu visivyokubaliwa kuwa dawa ya binadamu.

Alikasirika. Alisema mimi ni mtu wa zamani, na kwamba wachezaji wa Ulaya wanatumia. Alilala bila kula. Nami sikulala, nalijiuliza kama kesho atamtafuta mwingine amchome.

Asubuhi alikuja jikoni, akakiweka kichupa juu ya meza. "Bibi, kitupe chooni."

"La!" nikapiga kelele hata akashtuka. "Nilikwisha kutupa mara moja." Hapo ndipo nilipomsimulia habari ya yule mama na zile ampuli, habari ambayo sikuwahi kumsimulia hata marehemu babu yake. Tukakifunga kichupa katika karatasi, tukaandika siku kilipopatikana na namna kilivyonunuliwa, tukakipeleka kwa wakaguzi wa dawa mjini Dodoma. Halafu tukaenda hospitali kwa habari ya goti. Alipewa mazoezi ya kufanya kila siku. Bado anachechemea kidogo, lakini yuapona taratibu.

Wasomaji wapenzi, msidhani kwamba nawaogopesha na dawa. Oksitosini nzima imeokoa akina mama wengi mno, nami nimewaona kwa macho yangu: damu yatoka, wachoma, mji wa mimba wakaza chini ya mkono wako kama ngumi. Insulini wachomwayo wenye kisukari ni ndugu wa dawa hizi hizi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba yapata akina mama 70,000 walikuwa wakifa kila mwaka duniani kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Bila dawa hii wangekuwa wengi zaidi. Ninalosema ni hili: dawa ni nzima kwa kupimwa na kutunzwa, si kwa kuandikwa.

Na kazi ya kupima tunayo nchini. Mwaka 2003 ilitungwa sheria iliyounda mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Maabara yake ya Dar es Salaam ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011. Mwaka 2019 mambo ya chakula yalihamishiwa shirika la viwango, TBS, na mamlaka ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikaitwa TMDA. Makao yake makuu yako hapa Dodoma. Dawa iliyoandikishwa huko imepita mlango wa ukaguzi. Kichupa kinachouzwa kwa simu hakikupita mlango wo wote. Wala hili si tatizo la nchi maskini peke yake: mwezi wa Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya Ozempic bandia, nayo ni dawa ya peptidi, zilizoonekana mwaka 2023 katika Brazil, Uingereza na Marekani.

Hata habari ya joto imepata mwangaza. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya karbetosini isiyoharibika kwa joto, ndugu wa oksitosini, kwa akina mama karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, ikaonekana haipitwi na oksitosini katika kuzuia damu. Na mwaka 2019 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, ya watoto na ya idadi ya watu yalitoa tamko la pamoja kwamba oksitosini ikae katika nyuzi 2 mpaka 8, na kwamba friji ya chanjo yaweza kuihifadhi, ikiwekwa mahali pake. Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu.

Basi nawaomba mambo machache. Wewe baba, mkeo akikaribia kujifungua, mpeleke mapema, na umwulize muuguzi kwa heshima, "Mama, sindano ya kuzuia damu inakaa wapi?" Muuguzi mwema hatachukia, huenda ukamkumbusha kufungua friji. Wewe mama, nunua dawa katika duka lenye kibali, utazame namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda. Ninyi vijana, mkionyeshwa karatasi ya usafi, ulizeni: ni ya kichupa hiki? amepima nani? ndani mna nini, na kiasi gani? Na ninyi wauguzi wenzangu, dawa mkiitilia shaka, msiitupe. Iwekeni kando kwenye baridi, pamoja na boksi lake, andikeni namba, mwiteni mkaguzi.

Yule mtoto wa kike aliyezaliwa usiku ule sasa ni msichana wa sekondari. Wakati wa likizo huja Ihumwa kwa shangazi yake, na tukikutana njiani hunishika mkono na kusema, "Shikamoo, Bibi." Anajua kwamba mimi ndimi niliyempokea duniani. Mengine bado sijamwambia. Mwezi ujao shule zikifungwa, nitamwita nyumbani, nimkaribishe chakula, nimweleze yote, pamoja na lile neno nililomjibu bibi yake.

Wasalaam, ni mimi bibi yenu wa Ihumwa.